Mtunza Mbwa Aliyeomba Nguo Yenye Jasho

"Nipatie nguo uliyoivaa, mwalimu. Isiwe imefuliwa. Iwe na jasho lako."

Hayo ndiyo aliyoniambia yule mzee, amekaa kwenye kigoda changu mlangoni pa jikoni, kikombe cha uji wangu mkononi, na wala hakupepesa macho. Sisi tuliozaliwa kwenye milima ya Ileje, na hata hawa wa Mbozi ambao nilikuwa nawafundishia watoto, tunajua vizuri mtu anayetaka jasho lako anataka nini. Nywele ukinyoa unazifukia, kucha unazitupa chooni, nguo yako huiachi kwenye kamba usiku kucha. Halafu mtu uliyemjua asubuhi hiyohiyo anakuomba gauni lenye jasho! Tena wiki ileile unayokwenda kupasuliwa shingo!

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Nikinunua maharage nayamwaga yote chini niyaone. Mwalimu mwenzangu alizoea kunicheka kwamba hata salamu naigeuza upande wa pili kwanza ndipo niitikie. Na acheke. Nilikuwa mwanamke ninayeishi peke yangu kwenye nyumba ya shule, sina mume, sina mtoto, nina rovu shingoni linalonikaba kila mwaka zaidi ya mwaka uliotangulia, na nina mbwa.

Mbwa huyo alinifikia kutoka Tunduma, miaka ile reli ilipokuwa inajengwa na malori yanashindana barabarani kwenda Zambia. Dereva mmoja alikuwa anamtupa kando ya njia, katoto kenyewe kakitetemeka kwa baridi, nikamwambia kama humtaki mlete hapa. Sikumpa jina. Nilimwita "wewe", naye aliitika. Asubuhi alinisindikiza hadi kona ya mti wa mkuyu, nami nikifika hapo nilimwambia maneno yangu, akageuka kurudi kulala mlangoni hadi nitoke shule. Miaka minane mfululizo. Watu walisema mwalimu amemfanya mbwa mtoto. Walisema kweli.

Daktari wa Mbeya aliponipangia siku ya upasuaji, sikuogopa kisu. Nilijiuliza nani atabaki na mbwa. Kaka yangu Ileje angemchukua kwa furaha, halafu angempeleka kuwinda nguruwe pori, na mbwa wa kaka yangu nawajua, hurudi matumbo nje. Majirani ndio usiseme, watoto wao walikuwa wanamtupia mawe mbele yangu, sembuse nikiwa sipo. Ndipo yule mwalimu mwenzangu akaniambia kwamba kule Ruanda, hapahapa Mbozi, kuna mzee ambaye kazi yake maisha yote ilikuwa kutunza mbwa. Wazungu wa mashamba ya kahawa walipokwenda kwao likizo, walimwachia yeye nyumba na mbwa miezi sita. Wazungu wakaondoka moja kwa moja, mashamba yakachukuliwa, mzee akabaki na ufundi usio na mwenyewe.

Alikuja kwa baiskeli, amevaa koti la bwana mmoja wa zamani, mikono imempita vidole. Akatoa barua iliyofungwa kwenye nailoni, imeandikwa Kiingereza. Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Barua ilimsifu sana, kwamba mbwa humpenda, kwamba haibi. Mimi nikasema moyoni, barua mtu yeyote anaandikiwa.

Kisha akaanza kuniuliza maswali, na kila swali lilinizidishia wasiwasi. Mbwa anakula saa ngapi? Anaogopa nini? Unatoka nyumbani saa ngapi, unarudi saa ngapi? Nikamwangalia. Mwizi ndiye anayeuliza unatoka saa ngapi! Halafu akauliza, "Ukimwacha asubuhi, unamwambiaje?"

"Unataka kujua ya nini?"

"Nimwambie mimi. Mbwa anayeachwa bila neno lake hukaa anasubiri neno."

Nikawaza, huyu akishajua neno langu, siku yoyote atakuja, atamwambia mbwa, mbwa atalala, nyumba itahamishwa hadi mabati. Nikamdanganya. Nikasema, "Namwambia 'Lala hapo, mlinzi.'" Sikuwahi kusema maneno hayo tangu nizaliwe. Mzee akayarudia polepole mara tatu, midomo ikimchezacheza, mpaka yakamkaa.

Ndipo akaomba nguo.

Nilimwambia ngoja, nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikakaa kitandani. Ningeweza kumfukuza, lakini basi ingekuwa siku mbili zimebaki na mbwa hana mtu. Macho yangu yakaangukia gauni la mtumba, la kafa Ulaya, nililonunua Tunduma kwa Mwislamu mmoja mwenye duka, la maua ya bluu, halijanikaa vizuri kifuani, sijalivaa hata mara moja. Nikaliviringisha, nikalikanyaga, nikapaka majivu kidogo pindoni. Nikacheka peke yangu. Kama ni kuroga, basi na amroge huyo mwanamke wa Kizungu aliyelivaa, kama bado yu hai.

Mzee alilipokea kwa mikono miwili. Hakulinusa, hakuligeuza. Alilikunja vizuri akaliweka kwenye mfuko wa lile koti, akasema, "Asante, mwalimu. Sasa hatapata shida."

Tulikubaliana nitamlipa mche wa sabuni na doti ya kanga kwa mke wake, vitu ambavyo miaka ile ulikuwa huvipati dukani kwa kutaka tu. Jioni balozi wa nyumba kumi akaja kuandika mgeni. Kusikia kazi ya mgeni, akavua kofia. "Umeajiri mtu akulindie mbwa? Mwalimu, si hayo ndiyo tuliyowafukuzia Wazungu?"

"Basi njoo umlishe wewe," nikamwambia, "kwa kujitolea."

Akaguna, akavaa kofia yake, akaondoka. Kesho yake nikafunga chumba changu kwa kufuli, ufunguo nikautia kwenye sidiria, mzee nikamwachia jiko na sebule. Kwenye kona ya mkuyu mbwa alisimama akinitazama. Mzee alikuwa nyuma yetu, anasikia. Nikashindwa kusema maneno yangu mbele yake. Nikapunga mkono tu, nikaharakisha kwenda kituoni.

Upasuaji ulikwenda vizuri ila sauti ilipotea. Walisema itarudi, nisiilazimishe. Nililala kwenye wodi ya wanawake na bendeji shingoni, kanga yangu ya kila siku nimeikunja chini ya mto, nikitumia vidole kuomba maji. Siku ya tisa, saa ya kutazama wagonjwa, nikamwona mlangoni yule mzee, koti lilelile, kofia mkononi, anatazama kitanda hadi kitanda.

Jamani! Moyo uliruka ukagonga mshono.

Alikuja akasimama miguuni kwangu. "Pole, mwalimu. Nimekuja na lori la kahawa. Mke wangu amebaki na mbwa." Akashusha sauti. "Mbwa hali chakula. Tangu ulipoondoka hajala. Maji anaramba kidogo. Amelala mlangoni pa chumba chako, hatoki. Nimempikia dagaa, nimempa maziwa, nimemtandikia gauni lako, ananusa anaondoka. Nimemwambia neno lako kila asubuhi. Nipe nguo nyingine, mwalimu. Hata kitambaa. Hii iliyoko chini ya mto inatosha. Bila hivyo tutampoteza."

Mtu mwenye akili timamu angesikia nini hapo? Angesikia kwamba mbwa wake anakufa. Mimi, kwa shingo yangu ile iliyoshonwa, nilisikia mchawi ambaye dawa yake imepiga Ulaya ikarudi mikono mitupu, na sasa amesafiri kufuata jasho lenyewe mpaka kitandani. Nilijiambia, mbwa gani akatae dagaa? Tangu lini? Dagaa! Huyu anadanganya, mbwa yuko kule anakula na kunenepa. Nikaweka mkono juu ya mto, nikaukandamiza. Nikatikisa kichwa.

"Mwalimu, tafadhali."

Nikatikisa tena, nikampungia nesi. Nesi alipokuja nikamwonyesha mzee, nikaonyesha mlango. Nesi akamwambia, "Mzee, mgonjwa hakutaki, usimsumbue." Akatoka kinyumenyume, anainamisha kichwa kwa kila mgonjwa anayempita. Nililala vizuri usiku ule. Nilijiona mjanja, na hilo naliandika hapa ili lisinitoke.

Kidonda kikafanya usaha, nikakaa wiki mbili zaidi. Sauti ilirudi ya kukwaruza, kama mtu anayeongea ndani ya debe. Nilirudi kwa basi, nimejifunga ile kanga shingoni kuficha mshono, na njia nzima nilikuwa nahesabu vitu vyangu kichwani: sufuria tatu, redio, godoro, blanketi la kijivu.

Nilipofika, uwanja ulikuwa umefagiwa, na hiyo nayo nikaishuku. Niliingia, sufuria zipo, redio ipo imefunikwa kitambaa. Nikaenda moja kwa moja kwenye mlango wa chumba, nikashika kufuli. Kufuli zima. Nikashusha pumzi. Ndiyo, nilikagua kufuli kwanza. Halafu nikaangalia chini.

Ubao wa mlango, kuanzia chini hadi magotini, ulikuwa umekwanguliwa. Rangi ilitoka, mti ukaonekana mweupe, mistari juu ya mistari. Mingine ilikuwa na damu iliyokauka. Nilikaa sakafuni hapohapo, nikaweka vidole kwenye ile mistari, na nikamwita, "Wewe?" Nyumba nzima kimya.

Mzee aliingia kutoka nyuma na jembe mkononi, alikuwa anapalilia migomba yangu, kazi ambayo hatukupatana. Aliniona pale chini akajua hana haja ya kunieleza. Akavua kofia.

"Lini?" nikauliza.

"Wiki na zaidi imepita. Siku tatu baada ya kutoka kule kwako."

Alinipeleka nyuma ya migomba. Alikuwa amechimba vizuri, ameweka mawe juu fisi wasifukue. Watu walimcheka, alisema, kumchimbia mbwa kaburi, na balozi alikuja kutazama akaondoka. Nilisimama pale, na nililia kwa ile sauti yangu ya debe, sikujali nani anasikia. Mzee alikaa kando akingoja nimalize, anatazama migomba.

Nilipotulia akaingia jikoni akarudi na lile gauni la maua ya bluu. Lilikuwa limefuliwa, limepigwa pasi, pindo ambalo nililipaka majivu jeupe kabisa.

"Nilitaka kumfunika nalo," akasema. "Halafu nikaona hapana. Halikuwa lake, wala halikuwa lako."

Nikamtazama. "Ulijua?"

"Mimi? Mimi sikujua. Nilikuamini. Mbwa ndiye aliyejua, siku ya kwanza. Mimi nilichelewa mpaka siku ya nane, ndipo nikapanda lori."

Loh, aibu niliyoisikia siku ile! Ningependa angenitukana. Ningependa angesema mwalimu mzima, msomi, unayewafundisha watoto wetu kuacha ushirikina, umemuua mbwa wako kwa sababu ya kuogopa kurogwa na mzee anayemtandikia kitanda. Hakusema. Nilimpa sabuni na kanga, akavipokea, akasema kazi aliifanya na mke wake anavihitaji, na mimi nikashukuru kwamba hakukataa. Alifunga vitu vyake kwenye baiskeli, barua yake ya nailoni akairudisha kifuani.

Nilimsindikiza. Tulipofika kona ya mkuyu miguu ikakataa kwenda mbele, ilikuwa imezoea kusimama hapo.

"Mzee," nikasema, "lile neno nalo nilikudanganya. Sikuwa namwambia 'Lala hapo, mlinzi.'"

Alisimamisha baiskeli. Kwa mara ya kwanza uso wake ulibadilika, na nilidhani sasa atakasirika, na nikawa tayari.

"Ulikuwa unamwambiaje?"

"Nilikuwa namwambia, 'Wewe, narudi.'"

Aliyarudia polepole mara tatu, midomo ikimchezacheza, vilevile alivyofanya na yale ya uongo. Kisha akatikisa kichwa.

"Maneno mafupi hivyo, mwalimu," akasema. "Hata mimi ningeyakumbuka."

Akapanda baiskeli akaenda.