Mama Alivyotangaziwa Msiba Wake Mwenyewe

Mpaka leo nikipita mbele ya msikiti wetu hapa Madungu natazama chini, maana aibu iliyonipata mie, wallahi, simuombei hata hasidi wangu.

Mama yangu, Bi Time, anaumwa na moyo, anatumia dawa za hospitali, na mie ndiye ninayemuuguza (roho juu kila saa, akikohoa tu nainuka). Basi nikasikia kwenye simu mtu akieleza kwamba karafuu ina antioksidanti, vitu vinavyoukinga moyo usiharibike, nikasema loo, dawa imeanikwa jamvini uani na sisi twahangaika! Alisema punje mbili tatu, lakini mie Mpemba wa kuhesabiwa punje za karafuu? Nikatia konzi nzima, nikachemsha mpaka maji yakawa meusi, nikampa kikombe.

Hakukimaliza. Akashika kifua. "Mwanangu, moyo..."

Sikungoja neno la pili. Nilitoka mbio bila ya mtandio, napiga mayowe, "Jamani, nimemuua mama yangu!" na kweli niliamini nimemuua. Majirani wakalia kwa kuwa mie nalia, mmoja akakimbilia msikitini, na kabla sijarudi ndani kipaza sauti kikamtaja: Bi Time amefariki dunia.

Mama akatokea mlangoni na beseni mkononi. "Nani kafa?"

"Wewe, mama," nikamjibu (ndivyo nilivyosema, Mungu anisamehe).

"Nilikuwa nakwambia moyo wanichafuka, nataka kutapika, weye ushanizika?"

Hospitali walimpima, moyo haukuzidi, tumbo tu ndilo lililokataa. Lakini daktari akanigeukia, "Karafuu ya kwenye pilau haina neno, dada. Kumchemshia nyingi hivyo mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, bila ya kuuliza, ungeweza kumdhuru kweli."

Tuliporudi, uani watu tele, na mjomba wangu kashafika kutoka Shumba, analia, kakumbatia kitambaa cheupe cha sanda. Alipomuona dada yake anashuka garini alikasirika, akamsukumia kitambaa chake. Mama akakipokea kile kitambaa, akanipa mie. "Kaweke kabatini, hakiozi."

Nimeapa simpi tena mama dawa ya kusikia kwenye simu. Sanda ipo mpaka leo, na kila nikifungua kabati kumtolea kanga naiona, nafunga haraka.