Ndege Wawili kwenye Mkebe wa Biskuti

Tangu niajiriwe sijawahi kununua kadi ya Krismasi. Siku hizi watu wa Arua hutumiana maua kwenye simu, lakini wanawake wenzangu wa kanisani Ediofe bado wanataka kitu cha kushika mkononi, wakipange juu ya kabati la vyombo hadi Pasaka. Haya, mimi nawapa cha kushika. Mwalimu wa shule ya msingi kule Manibe ana haja gani na duka la kadi? Karatasi ya manila naitoa kwenye chati kuukuu za darasani, naikunja upande mweupe uwe nje. Mama mmoja wa kwaya alipata kadi yenye nusu ya ng'ombe ndani, na mshale unaoonyesha kwato. Alicheka, lakini kabatini aliipanga.

Gundi napika mwenyewe: unga wa muhogo vijiko viwili, maji baridi kwanza, halafu juu ya sigiri, unakoroga mpaka ung'ae. Picha nazitoa kwenye kadi za dukani nilizotumiwa miaka iliyopita. Nakata ukurasa wa mbele na kuuweka kwenye mkebe wa biskuti. Ule wa nyuma nawashia moto. Kwangu hakipotei kitu. Haba na haba hujaza kibaba, niliwaimbia hata watoto wa darasani, na nilijisifia sana.

Dada yangu wa Koboko, aliyenizidi miaka mitano na anayeuza vitenge sokoni, hakuuita huo uangalifu. Aliuita ubahili. Siku ya kumzika mama nilitoa sandukuni shuka la mama mwenyewe, lile jeupe lililotariziwa maua ya buluu, nikasema afunikwe nalo. Alilipenda. Ni kweli pia kwamba sikutaka kununua jingine. Dada akalishika pembe, akalinyanyua mbele ya wanawake wote.

"Muone! Hata mutu amekufa, huyu iko naangalia bei!"

Wengine waliinama. Wawili walicheka, na sura zao sijazisahau.

Nilirudi Arua matanga hayajaisha. Namba yake nikaifuta kwenye simu.

Krismasi iliyofuata dereva wa teksi ya Koboko aliniletea bahasha. Mwandiko ulikuwa wa dada. Ndani mlikuwa na kadi ya dukani, ya bei, yenye ndege wawili weupe juu ya tawi, mabawa yamenyunyiziwa vumbi la kung'aa. Nilipoifunua niliona maandishi ya kalamu kurasa zote mbili, yamejaa mpaka ukingoni. Nikasema, huyu hakuridhika na yale ya matangani, sasa ananitukana kwa barua. Sikusoma hata mstari mmoja. Nilichukua mkasi palepale, nikapunguza kingo, ndege wakaingia mkebeni. Ukurasa wa pili uliwasha sigiri, nikapikia maharage. Nilisikia raha, sitaficha.

Mwaka ukapita, hasira ikachoka kabla yangu. Mkristo gani anatengeneza kadi za watu ishirini, na ndugu yake wa tumbo moja hana hata moja? Nikaamua kumtumia. Yeye nilimnunulia manila mpya, msidhani sina moyo. Nikamwaga mkebe wote mezani nitafute picha nzuri kuliko zote. Zilikuwa za miaka mingi. Nani alileta ipi nilishasahau. Nikachagua ndege wawili weupe. Nyuma yao niliona maandishi, lakini karibu picha zangu zote zina maandishi nyuma. Nikapaka gundi nene, washike vizuri. Ndani niliandika: "Dada yangu, ugomvi uishe. Nitakuja kukuona mwaka mpya."

Kadi ilitangulia na dereva wa teksi, mwaka mpya nikaifuata Koboko na jogoo mikononi. Dada alinipokea mlangoni, akanishukuru kwa jogoo, akanikalisha. Kadi yangu ilikuwa juu ya meza, na ndege wamebanduliwa. Alikuwa ameilowesha maji mpaka gundi ikaachia. Akaigeuza ile picha, akanisogezea nione. Gundi ya muhogo ilikuwa imeula wino wote isipokuwa mstari wa juu: "Mdogo yangu, ile siku ya mama mimi". Hapo ndipo mkasi wangu ulipopita.

"Wewe ilisoma?" aliuliza.

"Sikusoma, dada."

"Ile karatasi ingine iko wapi?"

Ningeweza kusema panya. "Niliwashia moto."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakupaza sauti, na mimi nilitamani apaze.

"Niambie sasa, dada. Uliandika nini?"

"Mimi iliandika mara moja," alisema. "Mara mbili hapana."

Hasira hasara, wanasema, lakini wanaosema hivyo hawasemi hasara yenyewe huliwa pamoja na maharage. Dada yangu hakuwahi kumwomba mtu radhi, hata mama. Mara moja katika maisha yake alikaa na kalamu, akajaza kurasa mbili, na sasa sitajua alisema nini. Najichukia kwa hilo, na yeye pia namchukia kidogo kwa kutoyarudia maneno yale.

Kwa mama birika lilikaa katikati, na kila mtoto wa nyumba alijimiminia chai mwenyewe. Aliyemiminiwa alikuwa mgeni. Dada alileta birika, nikanyoosha mkono kulichukua. Akalivuta upande wake. Akanimiminia kikombe mpaka juu, akanitilia sukari vijiko vitatu, akaniuliza kama inatosha.