Pampu ya Bustani ya Ofisi

Fundi waliyemwita Bomba hakuitafuta kazi ya visima. Ujanani alikuwa akiziba pancha za baiskeli, mpaka siku gari la mradi wa maji lilipomzimikia mlangoni. Akalifufua kwa waya na matusi, wenyewe wakamwajiri papo hapo. Miaka ikaenda, akawa ndiye wa kuitwa kila pampu ikigoma.

Msaada wa wafadhili ulioendesha mradi haukukatika kwa siku moja. Kwanza zilitoweka biskuti mikutanoni. Kisha gari la pili. Kisha fundi mwenzake akaagwa kwa soda na hotuba. Redio ikatangaza kwamba nchi tajiri zinapunguza misaada, moja baada ya nyingine. Fedha sasa zinakwenda kwenye silaha na shida za kwao. Mkewe, mshonaji, alisikiliza bila kuondoa mguu kwenye cherehani.

"Akijikuna mmoja, wote wanawashwa," akasema.

Mwishowe meneja wa mradi, mama aliyekulia mtaa huohuo, akawakusanya wafanyakazi uani. Alikuwa na hotuba karatasini, akaikunja. "Ndugu zangu, ndiyo imetoka hiyo," akasema tu. Ofisi ikafungwa. Akabaki mlinzi mzee, ambaye hakuna aliyekumbuka kumwachisha.

Haukupita muda, dada yake Bomba, mkunga wa zahanati, akaja mbiombio.

"Kaka, pampu yetu imekufa. Wazazi wanakuja kujifungua na madumu yao kichwani!"

Bomba akaenda, akaifungua. Silinda ilikuwa imepasuka, na vipuri vilikuwa vikitoka ofisini. Akakaa chini, mikono imejaa grisi. Ndipo akakumbuka: bustani ya ofisi ilikuwa na pampu ya aina ileile. Iliwekwa ili wageni wapige nayo picha, basi ikawa inanywesha maua.

Kesho yake akaenda mchana kweupe, asije akaitwa mwizi. Mlinzi akamfungulia.

"Ingia, mwanangu. Mimi mwenyewe sijui nalinda nini. Hata paka kahama."

Walikuwa wamelichomoa bomba la tatu geti lilipolia. Meneja! Alikuja kuchukua picha ya wanawe iliyobaki ukutani. Bomba akaganda, bomba mkononi.

"Mama, siibi. Naihamishia zahanati."

Meneja akaitazama pampu, akayatazama maua. Mali ile haikuwa yake, na alijua siku moja ataulizwa. Akatua mkoba, akavua viatu.

"Upande upi mzito?"

Jioni maji ya zahanati yalitoka mekundu kama chai, kisha yakatakata. Mkunga akajaza kila beseni lililokuwepo, akajaza hata ndoo ya kudekia, akicheka na kulia kwa pamoja. Baadaye wakaguzi walikuja kweli. Meneja akawajibu, "Niliagiza mimi," na aliposukumwa zaidi akawapeleka wodini wakajionee. Pampu hawakuirudisha ofisini.

Lakini bustani ilikuwa na pampu moja tu. Visima vya mbali vinakufa kimoja kimoja, na watu bado wanamletea Bomba vyuma vilivyokatika, vimefungwa kwenye kanga. Huvigeuzageuza kwanza. Kwa vingine husema, "Hiki nitakiweza." Vingine huvirudisha polepole kwa mwenyewe, akisema, "Nisamehe, ndugu yangu." Mkewe anasema neno hilo ndilo linalomzeesha.