Kufuli Leo, Shahidi Baadaye

Kwa miaka ishirini Mwanvua alishona nguo za arusi katika chumba alichoachiwa na marehemu baba yake, mtaa wa Quartier Asiatique. Mwaka juzi Uthmani, kaka yake wa mama mwingine, alimshitaki akidai kwamba chumba hicho alikijenga yeye.

Kabla kesi yenyewe haijasikilizwa, mahakama ilitoa maamuzi mawili siku moja. Uamuzi wa kwanza ulikataa kumsikiliza mzee Massoudi, fundi mwashi aliyekijenga. Wa pili uliagiza chumba kifungwe kwa kufuli hadi hukumu itoke.

Mwanvua alitoka mahakamani akitembea mbio, avoka wake, wakili Régis, akamfikia barabarani. Alitaka maamuzi yote mawili yakatiwe rufaa siku hiyohiyo. Régis akamweleza palepale juani kwamba kufuli linamuumiza sasa, na hukumu ya mwisho haitamrudishia wateja watakaomkimbia. Hilo linakatiwa rufaa papo hapo. Kukataliwa kwa shahidi kunasubiri hukumu, kisha kunakatiwa rufaa pamoja nayo.

"Na Massoudi akikufa mbele ya hukumu?"

"Tutaandikisha maneno yake kwa notaire, ayatie muhuri wa serikali, mama. Lakini rufaa ya shahidi, apana, si leo."

Cherehani ikiwa imefungiwa ndani, Mwanvua alishonea kwa mkono sebuleni kwa dada yake Hayat, mtaa wa Ngagara, akifumua gauni lilelile mara tatu. Kila asubuhi alipitia Kamenge kwa Massoudi, ati kumjulia hali. Mzee akamgundua.

"Mi siko mugonjwa, Mwanvua. We ndiye mugonjwa. Unalalaka saa ngapi?"

Baada ya wiki saba mahakama ya rufaa iliamuru kufuli litolewe. Mwanvua alirudi kwenye cherehani yake, lakini kila aliyebisha hodi alimfanya asimame, akidhani kufuli limerudi. Kisha Massoudi akahamia Rumonge kwa binti yake, na Mwanvua akakosa hata pa kupitia asubuhi.

Hukumu ilipotoka, chumba alipewa Uthmani. Mwanvua hakulia. Aliuliza tu kama sasa jambo la shahidi linaweza kwenda mbele. Régis akasema ndiyo, na rufaa ikapelekwa kabla ya adhuhuri.

Safari hii majaji walikubali kumsikia Massoudi. Mwanvua alimfuata Rumonge siku mbili kabla, akamkuta anakula, akabaki amesimama na mkoba begani mpaka mzee akasukuma sahani kando.

Mbele ya majaji Massoudi alisema kwamba aliyemwita kazini ni baba yao, na kwamba Uthmani wakati huo alikuwa bado anasoma. Chumba kikarudi kwa Mwanvua. Uthmani alipita mbele yake bila salamu.

Alasiri ile alijaribu kushona, akashindwa. Akajitanda mtandio, akafunga mlango, akashika njia ya kwa kaka yake, bila kujua atamwambia nini.