Shikamoo ya Korongoni

Leo dukani, harufu ya kamba mpya ya katani ilinirudisha ukingoni mwa korongo la Mkondoa. Njia ya kufika pale ilikuwa tambarare, lakini bibi alinifunga kamba kiunoni, ncha akaishika mwenyewe. Tulipofika alivua kandambili, akapaza sauti kule chini mtoni:

“Shikamoo!”

“Shikamoo!” mwangwi ukarudi.

Nilicheka. “Bibi, korongo halina adabu! Mbona haliitikii marahaba?”

“Wa kuniitikia marahaba wameisha, mjukuu wangu.” Akaamkia tena, safari hii polepole.

Kamba nimeinunua. Kutoka dukani hadi mlangoni kwangu nimeitikia marahaba, marahaba, kwa kila niliyekutana naye. Shikamoo sijaitamka hata moja.