Taa Mpya za Taratibu

Mume wangu anaitwa Taratibu. Wazazi wake hawakumpa jina hilo. Alipewa na watoto wa shule aliokuwa akiwabeba, maana aliendesha gari kama mtu aliyepakata trei ya mayai. Pikipiki zilimpita, baiskeli zilimpita, na siku moja, haki ya Mungu, alipitwa na mwanamke mwenye ndoo kichwani. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Yeye akanijibu bila hata kugeuka, "Huyo ana haraka zake. Mimi nabeba watoto wa watu."

Ndiyo ilikuwa kazi yake. Alfajiri, giza likiwa bado totoro, ananishusha mimi kwenye kiwanda cha mikate, kisha anapita nyumba hadi nyumba kuwachukua watoto. Wazazi wanamkabidhi wakiwa bado na usingizi, wengine wamejifunga khanga tu mlangoni, wala hawakagui gari. Kumkagua Taratibu? Ya nini? Mtu asiyejua hata kupiga honi kwa hasira! Nyumbani hana makuu, hana kauli. Ukitaka kumwona amenyooka mgongo, mwone kwenye usukani.

Basi mwaka huu akaanza kuzilalamikia taa. "Taa zimechoka, mama watoto. Balbu hizi za halojeni ni kama kibatari kilichoishiwa mafuta." Na kweli zilikuwa hafifu, simsingizii. Vioo vyake vilikuwa vimefubaa na mwanga wenyewe wa njano unaishia puani mwa gari. Ndiyo maana nikaamini kila alichosema. Akikanyaga shimo, taa. Akipanda ukingo wa barabara, taa. Akipigwa bega na mlango wa chumbani kwake mwenyewe, hapo alinyamaza, na mimi nikamtania kwamba labda na mlango nao unahitaji balbu.

Kisha likatokea la kiti. Alfajiri moja tunaingia kiwandani, mlinzi wetu ameinuka kutufungulia geti, tukasikia kra! Taratibu amekigonga kiti cha mlinzi, kile anachokikalia usiku kucha upande wa kushoto wa geti. Kiti kikawa kuni. Mlinzi akasimama ameshika kufuli, mdomo wazi. Taratibu akateremka, akatazama vile vipande, akasema kwa sauti ndogo, "Si unaona? Taa hizi zitakuja kuniua." Na mimi, kwa hasira zangu, nikazitukana taa pamoja naye.

Siku ileile alirudi na kiboksi cha balbu za LED, zile zenye kifeni kidogo kwa nyuma. Alikuwa na furaha ya mtoto mwenye viatu vipya. Akafungua boneti, akachomoa balbu za zamani, akaanza kupachika mpya kwa kupapasa. Nikamletea tochi, akanifukuza. "Gari langu nalijua kuliko ninavyokujua wewe." Haya bwana, nikamwachia.

Kipya kinyemi. Kesho yake tulipotoka, barabara nzima iliwaka, na juu yake, na miti, na madirisha ya watu. Kila gari lililokuja mbele yetu lilituwashia na kutuzimia taa. Dereva mmoja wa lori alisimama kabisa akachomoza kichwa. "We mzee! Unataka kutupofusha?"

Taratibu alicheka peke yake. "Umesikia? Kumbe zinawaka." Lakini tulipokaribia kiwandani kicheko kikamkatika. Akainamia usukani na kusema, "Sasa mbona pembeni bado giza?"

Mimi nilikuwa nimeketi palepale karibu naye. Hapakuwa na giza pembeni. Nikadhani tunabishana tu juu ya taa, kama kawaida yetu, nikamwambia ampelekee mdogo wangu gari alitazame.

Mdogo wangu wa kiume ni fundi umeme wa magari, na ulimi wake una makali kuliko vifaa vyake. Jioni hiyo nilipotoka kazini nilikwenda moja kwa moja gereji kwake, aproni yangu nyeupe bado mwilini na unga mpaka kwenye nyusi. Nikamkuta ameinamia taa, anatikisa kichwa.

"Shemeji, hizi balbu nani alikuwekea, adui yako? Vijitaa vyake vinatakiwa vitazame kushoto na kulia. Wewe umevielekeza juu na chini. Mwanga unakwenda kila mahali isipokuwa barabarani."

"Fundi wa juzi wewe," Taratibu akajibu. "Nilianza kuendesha hujajua kupenga kamasi."

"Na bado unaendesha kwa mwendo uleule uliojifunzia!"

Wakacheka wote wawili. Mdogo wangu akazizungusha balbu mpaka zikakaa, akaonya kwamba hata hivyo hazitatulia vizuri kama kwenye taa iliyotengenezewa LED. Nyumba ya taa hii ilijengewa balbu fupi, alisema. Hii mpya ni mgeni mrefu, hata umpe kitanda, miguu itabaki nje. Lakini atazishusha zisimchome mtu macho.

Namna yake ya kuzishusha ni hii. Gereji ina ukuta uliopakwa chokaa, na juu yake amechora mstari wa mkaa. Gari linasimamishwa mbele ya ukuta, milango ya gereji inafungwa ili giza liingie, dereva anakaa kwenye usukani na kuwasha. Fundi anapiga magoti mbele ya gari na kukaza skrubu ya kila taa kidogokidogo, mpaka ukingo wa mwanga ukae chini ya mstari. Mimi, kwa kupenda kuona, nikaenda kusimama palepale ukutani, upande wa kushoto.

Taratibu akawasha. Mwanga ukanipiga mwili mzima, ikabidi nijikinge macho kwa mkono.

"Hapo sasa!" akapiga kelele kwa furaha. "Hapo, shemeji! Naona mpaka nyufa za ukuta. Mwite dada yako aje aone."

Mdogo wangu akacheka, akidhani ni utani. Nami nikatabasamu, nikasubiri amalizie.

"Mwite basi! Si alikuwa hapa sasa hivi? Au ameshatoka nje kupiga soga?"

Nilikuwa mbele yake. Nimevaa nyeupe, nimesimama katikati ya mwanga wa taa yake mpya, naye ananitafuta. Mdogo wangu akaacha skrubu, akaniangalia. Niliogopa. Katika maisha yangu sijawahi kuogopa vile. Nikakikumbuka kile kiti, kisha nikawakumbuka watoto, wale wadogo wanaopenda kuvuka bila kuangalia, wote upande wa kushoto, wote na mabegi yao mgongoni.

"Nipo hapa," nikasema.

Akageuza kichwa, akapita, akarudi, ndipo akanipata. "Aa. Ulikuwa nyuma ya gari."

"Nilikuwa hapahapa, baba watoto. Sijasogea."

Mdogo wangu, masikini, akaanza kusema labda aunyanyue mwanga kidogo, labda balbu ya kushoto ina hitilafu. Nikamwambia anyamaze.

"Kesho watoto watanisubiri," Taratibu akasema.

"Kile kiti kingeweza kuwa na mtu," nikamjibu. Nilitaka kulisema kwa upole, likatoka lilivyotoka.

Akazima taa. Akachomoa ufunguo, akampa mdogo wangu. Ndiye aliyetuendesha kurudi nyumbani, na njia nzima mguu wa mume wangu ulikuwa ukikanyaga breki ambayo haipo upande ule.

Daktari alisema ni presha ya macho, imekula kutoka pembeni kuja kati, na ilichokula haitakitapika. Mume wangu amebaki kuona kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Daktari akampa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Taratibu aliwapigia simu wazazi mwenyewe, mmoja mmoja, akawaambia watafute dereva mwingine. Nilijitolea niwapigie mimi, akakataa. Alipomaliza alikwenda kukaa uani, na nilipompelekea chai ikapoa mkononi mwake.

Gari hatujaliuza. Limesimama uani, limetazama kichochoro kinachokwenda barabara kuu. Kichochoro kina mtaro na mashimo, na mimi kiwandani lazima niwahi. Kila alfajiri, nikifunga mlango, namkuta ameshajiweka kwenye usukani, mgongo umenyooka. Anawasha taa.

"Unaona vizuri?"

"Naona, mume wangu."

Nami naondoka kwenye mwanga wake. Nikisogea pembeni kidogo tu kukwepa dimbwi, nimempotea, najua. Hawezi kujua nimefika wapi, wala kama nimeanguka. Kwa hiyo nikishakanyaga lami napaza sauti, majirani wakitaka kununa wanune: "Nimefikaa!"

Ndipo anazima.