Mdogo Wangu na Chumba cha Mama

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Nshambya, Bukoba mjini, alirudi kutoka hospitali na mwanawe wa miaka minne, akaniambia hali ya mtoto imepata jina: usonji. Haongei kama wenzake, akasema, hapendi kushikwa, na jambo akishalizoea usithubutu kulibadilisha. Nilikuwa namenya ndizi, sikuinua kichwa. Alikuwa ananisimulia mdogo wangu wa kike, na kwetu Kishanda hakuna aliyewahi kulijua neno hilo.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Baba tulikuwa tumeshamzika, mama akifanya kazi Bukoba mjini, na sisi wawili tukaishi kwa bibi katikati ya kibanja, shamba lake la migomba na kahawa, nyumba iliyotandikwa nyasi sakafuni, uwanja wote ukinukia kahawa iliyoanikwa. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, yeye saba. Alikula ndizi tupu. Harage moja likigusa sahani yake, analia mpaka majirani wanakuja kuuliza kuna nini. Ukimwita hageuki. Lakini alichokisikia alikirudia kama kilivyosemwa, kwa sauti ileile ya msemaji. Siku zile matangazo ya vifo redioni hayakuisha, naye aliyatangaza upya uwanjani: "Habari ziwafikie ndugu walioko Buganguzi, Bukoba mjini na Mwanza..." Jirani mmoja alishindwa kuvumilia.

"Waitu, jamani, huyu mtoto anatuitia misiba," alimwambia bibi.

"Misiba ya mwezi uliopita ilikuwa kwako," bibi akamjibu, "naye alikuwa amelala hapa kwangu."

Kisha mama akarudi kutoka mjini, amekonda, ameshikwa mkono na kondakta wa basi kama mzee. Ugonjwa huo wengine waliuita silimu, kabla neno ukimwi halijatufikia. Kwetu tulisema tu kwamba mama anaumwa. Bibi alitukataza kuingia chumbani mwake. Nadhani aliogopa, kama watu wote walivyoogopa, na hapakuwa na mtu wa kutueleza lolote. Mimi nilitii. Mdogo wangu alijipigiza kichwa mlangoni hadi damu ikamtoka, na siku ya tatu bibi akachoka, akamwachia.

Tangu hapo alikaa humo kutwa, mgongo ameuegemeza kitandani kwa mama. Mimi niliteka maji, nikamenya ndizi, nikachuma kahawa, nikafua mashuka. Nikipita dirishani na ndoo kichwani namsikia mama anamsimulia mambo, anacheka polepole. Anacheka na mtu ambaye hata hamtazami! Wewe unayenisikiliza ni mtu wangu, sikufichi: nilimchukia. Nilikuwa namwangalia akila na kujiuliza amefanya nini cha kustahili. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto mwema.

Jumapili moja bibi alipokwenda misa, niliibeba redio mpaka jiko la nje, nikaiwasha. Mdogo wangu akaifuata. Nikafunga mlango, nikauegemezea gogo, nikaingia kwa mama.

Alifumbua macho. "Yuko wapi?"

"Mama, ni mimi."

"Nakuona ni wewe, mwanangu. Mdogo wako yuko wapi? Mbona simsikii?"

Nilikuwa nimepanga kumwambia mambo mengi. Nilikuwa wa tatu darasani. Badala yake nilitoka mbio, nikaondoa lile gogo, na mdogo wangu akanipita bila kuniangalia, akarudi mahali pake. Wiki mbili baadaye mama alifariki. Sikuwa nimeingia tena chumbani.

Miezi ikapita. Siku moja namwogesha mdogo wangu, akasema, "Leo kuna jua zuri. Nigeuze." Maji yalinimwagika. Ilikuwa sauti ya mama, na ule uchovu wake mwishoni mwa neno. Basi kumbe alikuwa nayo yote. Nikaanza kumfuata, kibanjani, kisimani, nikiokota maneno yaliyosemwa kwake, si kwangu, na wivu ukanishika upya, maana hata mama aliyekufa nilimpata kwa kupitia yeye.

Mpaka alasiri moja ya mvua. Bibi anamenya ndizi, mimi nachochea moto, mdogo wangu anachanachana majani ya mgomba. Akasema, kwa sauti ya mama:

"Mkubwa nimemkataza mwenyewe asinisogelee. Ana hasira, namwona anavyopita dirishani. Anafanya kazi za watu wazima, na mimi siwezi hata kumpakata."

Kisu cha bibi kilisimama. Nilipiga magoti mbele ya mdogo wangu. "Sema tena." Hakusema. Hakuwahi kusema kwa kuombwa. Katika miaka yote iliyofuata nilimsikia akiyarudia maneno hayo mara nne, na kila mara niliacha nilichokuwa nafanya.

Alikua, nikamleta kuishi nami hapa mjini. Sauti ya mama ikampungukia kidogo kidogo, ikafunikwa na matangazo ya sabuni na ya simu. Miaka mitano iliyopita kifua kilimsumbua, akafariki, nikampeleka Kishanda. Migomba ya bibi ilikuwa imeliwa na mnyauko, nyumba imebaki msingi.

Siku nyingine nikiwa peke yangu jikoni najaribu kuyasema maneno yale mwenyewe, nikivuta ule uchovu wa mwisho. Yanatoka kwa sauti yangu.